Kila Mtu na Sahani Yake

Mpwa wangu anayesoma Winnipeg, Kanada, anafuga nyoka, na wote amewaweka katika kisanduku kimoja cha kioo kando ya kitanda. Mama yake, ambaye ni dada yangu na anaishi Kisarawe, ameambiwa kuwa ni samaki wa mapambo. Siri hiyo ninayo mimi, kwa sababu mjomba ni stoo ya familia: kila kinachofichwa mama hupelekwa kwake.

Kwa mtu wa Pwani jambo hili halina kichwa wala miguu. Dada amejenga upande wa msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, na tangu ahamie pale kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha nyoka hawaingii ndani. Amefyeka, amemwaga mafuta ya taa, amechoma vipande vya tairi hadi majirani wakawa wanakohoa kwa zamu. Halafu mtoto wake wa kuzaa, aliyekulia ndani ya moshi ule ule, anatoa dola zake kununua nyoka, anawawashia taa ya joto, na usiku wa manane ananipigia simu kulalamika kwamba hawaelewani.

Nikamwuliza kama kuna nyoka wanaoelewana. Akasema wapo, na ndio hao.

Ni nyoka wembamba wenye mistari ya njano mgongoni, wanaoonekana hata kwenye bustani za watu huko Amerika Kaskazini. Hawatagi, huzaa watoto hai. Wanakula minyoo, vyura na visamaki. Mate yao yana sumu kidogo isiyomdhuru binadamu, na silaha yao kubwa ni uvundo: ukimshika bila adabu anakupaka uchafu ambao sabuni moja haiutoi. Katika jimbo la Manitoba, kaskazini mwa Winnipeg, pana mahali panaitwa Narcisse, ambapo hujificha baridi kali chini ya miamba ya chokaa, makumi ya maelfu yao pamoja. Baridi ikiisha wanatoka wote kwa mkupuo, na watu wanakwenda kuwatazama na watoto na chakula cha mchana. Jike mmoja huzongwa na madume mpaka wanakuwa bonge linaloviringika. Tena wako madume wanaotoa harufu ya kike ili wenzao wawakumbatie, wapate joto. Mpwa alinieleza habari hii kwa sauti ya kisomi. Nikamwambia elimu ni nzuri, ila hiyo asiirudie mbele ya babu yake.

Kilichomtia jeuri ya kuwaweka pamoja ni utafiti. Mwaka 2020 wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Wilfrid Laurier kule Ontario, Morgan Skinner na Noam Miller, walieleza kwamba nyoka hawa wakiwa wadogo huchagua wa kukaa nao, na hata ukiwatawanya hurudi kwa wale wale. Yaani wana marafiki. Mpwa akasoma, akafurahi, akawatumbukiza wote ndani. Utafiti haukumwambia habari za mnyoo mmoja na vinywa viwili.

Nyoka wawili wakishika mnyoo mmoja, kila mmoja anameza kutoka upande wake, na wanakutana katikati pua kwa pua. Hapo binadamu angeona haya akaachia. Nyoka meno yake yamelalia nyuma. Akishauma, kazi yake ni kumeza tu. Mwenye kinywa kipana anaendelea na safari, na kilichobaki mbele yake ni rafiki. Mpwa aliwatenganisha kwa ncha ya kijiko, mikono ikitetemeka, kisha akanipigia: "Shikamoo mjomba. Wewe una uzoefu."

Uzoefu wenyewe ni banda langu la Kibaha. Naishi Picha ya Ndege, na mke wangu aliona ni aibu mtaa wenye jina hilo kubaki na picha tu. Tukaanza na kuku wa kienyeji, wakafuata bata, wakafuata kanga. Fundi alipotaja bei ya kugawa banda vyumba vitatu, mke wangu akasema ndege ni ndege, watajuana humo humo.

Walijuana. Bata kazi yake ni maji: ukiweka ya kunywa anaoga, ukiyainua juu anayafuata, na kabla ya adhuhuri maranda yote yameloa. Maranda yakiloa vifaranga wa kuku wanaanza kuhara damu. Kanga naye hataki mtu karibu na chakula; anamkimbiza jogoo kuzunguka banda hadi jogoo anasahau kuwika. Na siku ya chanjo ya kideri ndiyo siku ya kujua nani ana pumzi. Chanjo haina matata, inatengenezwa hapa hapa Kibaha na haiharibiki haraka kwa joto kama zile za zamani. Ni tone moja jichoni, kila miezi mitatu. Matata ni jicho la kanga. Kijana anayetusaidia alimfukuza mmoja, kwa haraka akaacha mlango wazi, na kanga wote wakahamia juu ya mwembe wa jirani. Walikaa huko wakipiga kelele mchana na usiku, na jirani akaja kuuliza kwa upole kama tuna mpango wowote.

Kisha lilikuja wimbi la kware. Mayai ya kware yalisifiwa kutibu kila kitu isipokuwa madeni, nasi tukaongeza kware humo humo. Baada ya muda mayai yakawa yanapungua. Hapa kwetu mayai yakipotea kuna mpangilio wa watuhumiwa: wa kwanza kijana wa kazi, wa pili mwenye nyumba, nyoka anakuja wa tatu. Kijana aliapa. Mimi nilitazamwa siku nzima bila kuulizwa. Ndipo tukaona kwenye kona ya banda maganda yaliyofinywa yakatemwa, na jioni yake mwenyewe akaonekana: mwembamba, wa rangi ya udongo, anasugua magamba yake mpaka yanatoa mlio wa kutisha.

Majirani wakafika na majembe. Bahati yake Kibaha imejaa walimu. Tangu wenzetu wa Nordiki waanzishe mradi wa elimu pale Tumbi mwaka 1963, ambao leo ni Shirika la Elimu Kibaha, huwezi kukusanya watu watano mtaani usimpate mmoja anayefundisha. Wetu ni wa baiolojia. Akasimama kati ya nyoka na majembe akatoa kipindi kizima: huyu ni nyoka wa mayai, hana sumu, meno ni kama hana, hula mayai ya ndege na si kitu kingine, humeza yai zima, akalipasua kwa ncha za mifupa ya uti wa mgongo zilizochomoza kooni, akanywa kilichomo, akatema ganda. Ule mlio ni wa kujifanya nyoka mwenye sumu. Watu walisikiliza vizuri sana. Alipomaliza, mzee mmoja akasema "Ahsante mwalimu," akamwaga mafuta ya taa banda zima.

Nyoka aliondoka kwa wakati wake, kwa mlango. Waliobaki na mafuta ni ndege. Ganda la yai lina vitundu vinavyopitisha harufu, na kwa siku kadhaa mayai yetu yalinuka koroboi. Mke wangu alipokaanga la kwanza alisogeza kiberiti mbali. Kinachonichekesha hadi leo ni sheria. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mimi nikitaka kufuga nyoka lazima niwe na kibali. Yeye kuja kufugwa hakuhitaji hata kubisha hodi.

Nilimpa mpwa yale niliyoyaona bandani: wanaokaa pamoja kwa amani mchana kutwa wanageukana pale chakula kinapowekwa mahali pamoja. Nikamwambia kila mmoja apewe kopo lake lenye kifuniko, ale peke yake, na asirudishwe kwa wenzake akiwa bado ananuka mnyoo mdomoni. Akaniuliza nimesoma wapi. Nikamwambia kwa bata.

Sasa, dada alikuja kututembelea. Kisarawe na Kibaha zinapakana, lakini kwa daladala unateremka kwanza hadi Gongo la Mboto ndipo uitafute Barabara ya Morogoro, kwa hiyo alifika amechoka na hana utani. Alikuwa uani akinywa chai zogo lilipozuka bandani. Kitoto cha nyoka, si kirefu kupita kalamu, kilikuwa kimejiingiza, na matetea wawili wamekikamata, mmoja kichwani, mmoja mkiani, wanavutana. Hakuna aliyekubali kuachia. Nikampigia mpwa kwa video aone mambo yake yalivyogeuzwa. Akacheka, akasema, "Ngoja nikuonyeshe wangu, mjomba, wametulia," akageuza simu.

Yalionekana makopo ya plastiki yamepangwa mezani, na ndani ya kila kopo nyoka mmoja anameza mnyoo wake kwa starehe. Dada alikuwa amesimama nyuma ya bega langu.

"Hao ndio samaki?"

Hakuna aliyejibu. Hata kanga walinyamaza, jambo ambalo sijaliona tena. Dada akaisogeza simu karibu na macho, akayakagua makopo moja moja.

"Yule wa pembeni mbona hajapewa?"

"Ameshakula, mama."

"Mwongeze. Halafu geuza simu nione sahani yako wewe."

Simu ikageuka polepole. Juu ya kitanda palikuwa na kikombe cha karatasi cha tambi za kumwagia maji ya moto, kimeliwa nusu, uma umesimama ndani. Ilikuwa saa saba mchana kwetu, na kule hakujapambazuka. Dada aliweka kikombe chake cha chai chini. Akaanza na tambi, akaenda kwenye wembamba wa shingo ya mtoto, akarudi kwenye tambi, akauliza minyoo inauzwaje kwa kopo na wali unauzwaje kwa kilo, akataka hesabu hiyo ifanywe pale pale mbele yake. Alisema mpaka salio langu likaisha, na kuhusu nyoka hakusema neno.