Jinsi ya Kutembea na Kisu cha Kukunja Kipili na Bado Ukalala Nyumbani

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Kipili, mgeni wa Kipili, na yeyote anayeshuka botini akiwa na kisu mfukoni na wasiwasi usoni. Ukiushika vizuri utaijua sheria kuliko wanaoitumia kukutisha. Jambo hilo nalo lina hatari zake, ila hizo zitasubiri mwongozo mwingine.

Hatua ya kwanza: rudisha rula dukani. Wapo mafundi wa vijiweni wanaoapa kwamba kisu kinaruhusiwa mradi kisizidi urefu fulani. Habari hizo ni za Uingereza. Huko, kwa sheria ya mwaka 1988, kisu cha kukunja kisichojifunga kikishafunguliwa, chenye makali yasiyozidi inchi 3, unatembea nacho bila kumweleza mtu. Kanuni yetu ya Adhabu, Sura ya 16, haijajisumbua na vipimo. Inasema ni kosa kutembea hadharani na silaha bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kinachopimwa hapo ni wewe: sababu yako na namna yako. Ukikosa vyote viwili, silaha inaweza kutaifishwa, na kwa kosa la daraja hilo kifungo kinaweza kufika miaka 2. Kwa hiyo usipime makali, pima sura yako kwenye kioo kabla ya kutoka.

Hatua ya pili: uwe na kazi, na kazi iwe na jina. Kwa bahati njema uko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo sababu halali zinaanikwa juani kila asubuhi. Kuna migebuka ya kupasua, kuhe wa kupara magamba, nyuzi za nyavu za kukata, miwa ya kumenya. Chagua moja uikariri. Wengi huharibu hapa:

“Kisu cha nini?”

“Cha kazi, afande.”

“Kazi gani?”

“Kazi zangu tu.”

Jibu hilo la mwisho limewalaza wengi sakafuni. Mvuvi mwenye busara hajibu sana. Anasogea karibu, na harufu ya samaki inamtolea ushahidi.

Hatua ya tatu: usiseme kamwe kwamba ni cha kujihami. Najua umeshaliandaa jibu hilo, tena unaliona la kistaarabu. Hebu lisikilize kwa sikio la askari. Ukisema kisu ni cha kumenyea chungwa, umebeba kifaa. Ukisema ni cha kujihami, umekiri kwa kinywa chako, bila hata kibao, kwamba umebeba silaha na una ugomvi unaoutarajia. Swali linalofuata litakuwa ugomvi na nani, na hapo chungwa halitakusaidia tena.

Hatua ya nne: tazama jua. Kisu kilichokuwa kifaa saa nne asubuhi mwaloni huanza kubadilika jua linapozama upande wa Kongo. Ukikutwa nacho gizani, nyuma ya nyumba ya watu, na ikaonekana ulikuwa na nia ya kuvunja, sheria haitasubiri uingie ndani. Kujiandaa kwenyewe ni kosa. Kwenye kilabu cha kimpumu usiende nacho kabisa. Pombe ile ya ulezi hunywewa kwa mrija, kwa hiyo hakuna kitu pale kinachohitaji kukatwa. Na kama umepanga kumwomba mtu simu yake huku kisu kikiwa wazi mkononi, fahamu kwamba huo ni unyang'anyi wa kutumia silaha, na kifungo chake hakipungui miaka 30. Hakuna punguzo kwa sababu kisu ni kidogo au kwa sababu kinakunjika.

Hatua ya tano: jifunze kupekuliwa. Anza na “Shikamoo, afande,” hata kama afande ana umri wa mdogo wako wa mwisho. Mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, tena kwa staha. Kisu kikichukuliwa, kumbuka kwamba Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamjua afisa anayechukua kitu katika upekuzi kuwa ni mtu wa kutoa stakabadhi. Iombe kwa sauti ya chini na heshima nyingi. Mara nyingine neno stakabadhi lina nguvu ya ajabu: kisu kilichokuwa silaha ya hatari dakika moja iliyopita hurudi mfukoni mwako kikiwa kisu tu. Ukiwekwa ndani, saa 24 ndizo za kuhesabu kabla ya kupewa dhamana au kufikishwa mahakamani. Mahakama ya Wilaya iko Namanyere, na nauli ya kwenda na kurudi inazidi bei ya kisu chenyewe. Faraja ni kwamba tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo utahukumiwa kwa lugha unayoielewa.

Hatua ya sita: ukisafiri, safiri na akili. Ukipanda ndege Songwe, kisu kiingie kwenye mzigo unaopakiwa chini, kisiingie kwenye mkoba wa mkononi. Ukivuka ziwa kwenda Moba au Mpulungu, mwongozo huu unaishia katikati ya maji. Kule wana sheria zao na maafande wao.

Hatua ya saba, kwa walioshindwa na sita za mwanzo: nunua panga. Sitanii. Ufipa ni nchi ya chuma. Wahunzi wa uwandani walijenga malungu, matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, wakayeyusha mawe na kufua majembe, mashoka na visu, na hakuna aliyewauliza sababu halali. Mjukuu wao leo anajieleza barabarani kwa ajili ya kijisu kilichokuja na meli kutoka China. Kosa la kijisu ni kwamba kinajikunja, na kitu kinachojificha kinatafutiwa nia. Panga halina pa kujificha. Libebe begani mchana, vaa viatu vyenye tope la shambani, salimia kila unayekutana naye. Lina urefu wa mkono wako na linaweza kuangusha mti, lakini swali pekee utakaloulizwa njia nzima ni kama mahindi yamestawi mwaka huu.