Asili kwa Tiketi

Hatuna budi kuwashukuru mabwana wa Ulaya ambao, wakiisha kununua tiketi ili wasikilize muziki wa asili ya Afrika, huletewa Culture Musical Club ya Unguja, kikundi cha taarabu kilichoasisiwa mwaka 1958, wakaona jukwaani ganuni na udi vya Kiarabu, fidla zilizopangwa kwa mtindo wa Kimisri, na akodiani iliyobuniwa kwao wenyewe, kisha wakarejea majumbani wameridhika kwamba wameionja asili tupu, isiyochanganywa na kitu. Mwenye taabu ni mpiga ganuni, ambaye nyuzi zake zapita 70, na baridi ya safarini haiachi hata moja ikatulia, basi huinama na ufunguo wake, sikio li karibu na ubao, na hali msimamizi wa ukumbi akitazama saa.

Na wasikilizaji je? Huketi kimya mfano wa walio hutubani. Hainuki mtu kwa madaha, kama ilivyo Unguja, kwenda kumtunza mwimbaji noti, huku akimkata jicho jirani aliyekusudiwa na ubeti unaoimbwa. Hupiga makofi mwishoni, kwa adabu kamili, na kijembe chote kimepita wala hakikumchoma mtu.