Iba Siku Tatu Budapest

Nisikilize vizuri, maana haya hayaandikwi kwenye vipeperushi. Safari ya meli kwenye mto Danube huuzwa kama starehe, lakini ukiifuata yote ilivyopangwa inageuka kazi: siku nane, makanisa yasiyohesabika, kila asubuhi mwongoza watalii anatembea mbele amenyanyua kibao cha namba na wewe unamkimbilia nyuma. Utarudi nyumbani miguu imevimba, simu imejaa picha elfu moja, na ukiulizwa mnara huu ni wa wapi, hujui.

Mimi nataka uchakachue. Uone nusu ya vilivyopangwa, ulale vya kutosha, utumie pesa kidogo, na bado barazani uwe wewe unayesimulia huku wengine wamenyamaza. Inawezekana kabisa. Fuata hatua hizi.

1. Weka siku za ziada mwanzoni

Wengi huziweka mwisho. Hapo mtu ameshachoka, nguo safi zimekwisha, na moyo umeshatangulia nyumbani. Wewe ziweke mwanzo. Panda meli inayoanzia Budapest na kupanda mto hadi Passau, Ujerumani, kisha fika Budapest siku tatu kabla. Meli haimsubiri mtu. Ndege ikichelewa kwenye mji wa kubadilishia, au begi likaamua kwenda nchi nyingine, una siku tatu za kungoja ukiwa umekaa vizuri. Aliyepanga kufika siku ileile ya kupanda atalazimika kuikimbiza meli kwa treni, na hilo si jambo la kumsimulia mtu.

Siku hizo tatu zina kazi nyingine ambayo watu hawaambiani. Meli inapita Hungaria, Slovakia, Austria na Ujerumani, nchi nne zote za Schengen, eneo la viza moja, na viza hiyo huombwa kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, unaomba kwa nchi utakayoingia kwanza. Mwenye kulala usiku mmoja hapa, usiku mmoja pale, hujikuta anajieleza dirishani jasho likimtoka. Wewe una usiku tatu za hoteli Budapest, unaingilia Budapest, na meli inaanzia Budapest. Jibu ni moja: Hungaria. Dirisha la maombi hufunguliwa miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usiwe mtu wa siku 15. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi, ihusu nchi zote za Schengen.

Halafu, ukishawishiwa na bei nzuri ya kushuka mto kuelekea Bahari Nyeusi, simama kwanza. Njiani kuna Serbia, na Serbia haimo Schengen. Ukiteremka Belgrade na viza ya kuingia mara moja, umeshaitumia, na huwezi kurudi nayo. Omba ya kuingia mara nyingi, ama baki huku juu nami.

2. Chukua chumba cha chini

Hapa ndipo utakapopata pesa za siku tatu. Meli za Danube ni ndugu wa tumbo moja. Nyingi zina urefu wa karibu mita 135 na upana wa mita 11 na kidogo, kwa sababu hujengwa ziweze kupita pia mfereji unaounganisha Danube na mto Main, ambao malango yake ya maji, meli zinamopandishwa na kushushwa, yana upana wa mita 12.  Na ndani ya meli hizo mwenye chumba cha juu na mwenye chumba cha chini wanakula chakula kimoja na kukaa kwenye sitaha moja.

Tofauti ni dirisha. La chini ni dogo, liko karibu na maji, halifunguki. La juu mara nyingi ni mlango wa kioo unaofunguka ukakutana na chuma cha kujizuia. Hata kiti hakiingii. Tena bandarini meli hufungwa ubavu kwa ubavu, mbili au tatu, kwa hiyo aliyelipia mandhari anafungua pazia asubuhi na kumkuta mgeni wa meli ya jirani anapiga mswaki. Omba chumba cha katikati, mbali na injini zilizo nyuma, kisha lala. Nyumbani hakuna atakayekuuliza ulikuwa ghorofa ya ngapi. Akiuliza, mwambie ulikuwa karibu kabisa na maji. Ni kweli tupu.

3. Budapest: kitu kimoja kwa siku

Uwanja wa ndege panda basi namba 100E, linakuteremsha Deák tér, katikati ya mji. Mashine ya kutolea pesa ikikuuliza kama ikate kwa sarafu ya kwenu au kwa forint ya Hungaria, chagua forint. Ile nyingine ni mtego wa kiwango cha kubadilishia, na umewanasa wajanja wengi.

Siku ya kwanza nenda kuoga. Panda treni ya chini ya ardhi, njia namba 1. Ilifunguliwa 1896, ya kwanza katika Ulaya bara, na vituo vyake bado ni vidogo, vya vigae na nguzo za chuma. Shuka kituo cha Széchenyi fürdő. Mlango wa bafu uko palepale. Bafu hilo lilifunguliwa 1913, na maji yake ya moto yanatoka chini ya ardhi. Usiogelee. Kaa. Utawaona wazee wamezama hadi kifuani, ubao wa sataranji umewekwa kwenye ukingo, mmoja anafikiri robo saa nzima kabla ya kusogeza kete, na watazamaji wawili pembeni wanajua zaidi kuliko wachezaji. Kama umewahi kusimama pembeni ya wacheza bao, utajiona uko kwenu. Saa mbili humo zitakufunza mengi zaidi kuhusu Wahungaria kuliko ziara ya bunge lao lenye vyumba 691. Na chukua kandambili zako kutoka nyumbani, maana sakafu inateleza.

Siku ya pili vuka daraja uende Buda, upande wa pili wa mto, kwenye athari za Waturuki. Waliitawala Buda kuanzia 1541 hadi 1686, na wakaacha hamamu. Ile ya Rudas ni ya karne ya 16: birika la pembe nane chini ya kuba, na kuba limetobolewa matundu madogo ambayo mwanga hupenya kama nyota. Angalia kwanza ratiba ya siku za wanaume na za wanawake. Jioni panda mtaa mwembamba wa mawe, mkali kama ngazi, hadi kaburi la Gül Baba, dervishi aliyefariki mwaka uleule wa 1541. Kijengo cha pembe nane, kuba, bustani ya waridi, na mji wote chini yako. Mtu wa pwani akifika hapa huteremsha sauti bila kuambiwa. Ziara nyingi za meli hazina nafasi ya mahali hapa, kwa hiyo nawe utakuwa na jambo ambalo wenzako wa meza ya chakula hawalijui. Liseme mara moja tu, usiku wa tatu wa safari, wakati wa chai. Litafanya kazi yake.

Siku ya tatu panda tramu namba 2, kaa upande wa mto, na uache mji ujionyeshe wenyewe kwa nauli ya tiketi moja. Shuka kwenye bunge, kisha tembea ukingoni kurudi kusini kidogo.

Utakuta viatu. Jozi 60 za chuma, vya wanaume, vya wanawake, na vya watoto, vimepangwa kuelekea majini. Viliwekwa 2005. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, wanamgambo wa chama cha Msalaba wa Mishale waliwaleta Wayahudi hapa, wakawaamuru wavue viatu, kwa sababu viatu vilikuwa na thamani, kisha wakawapiga risasi waangukie mtoni. Nimekufundisha kuiba muda kila mahali. Hapa usiibe hata dakika. Zima simu. Watu hujipiga picha mahali hapa wakitabasamu, na nakuomba kwa moyo wote usiwe mmoja wao.

4. Usiku wa kung'oa nanga

Meli huondoka Budapest taa zikiwa zimewashwa. Wengine watashikwa na chakula cha usiku. Wewe kula haraka, vaa koti, uwe kwenye omo nusu saa kabla. Bunge lina urefu wa mita 268 ukingoni, lote limeng'aa rangi ya dhahabu, na Daraja la Minyororo la 1849 linakupita juu ya kichwa. Piga picha moja, nzuri, kisha weka simu mfukoni. Mchana, mto utaukuta kahawia, pengine kijani. Johann Strauss aliuita wa buluu kwenye muziki wake wa 1867 na dunia ikamwamini. Usiupake buluu kwenye simu yako. Aliyewahi kuuona atakushika.

5. Vienna: toroka

Asubuhi yenu Vienna, mabasi yatawachukua wenzako kwenda kasri la Schönbrunn, vyumba 1,441, na foleni yake. Waage kwa heshima. Meli nyingi hutia nanga karibu na daraja la Reichsbrücke. Tembea hadi kituo cha Vorgartenstraße, panda U1, vituo vinne, umefika Stephansplatz. Kutoka hapo ni dakika chache kwa miguu hadi kanisa la Wakapuchini, uwanja wa Neuer Markt. Lipa kiingilio, shuka chini.

Humo wamelazwa watawala wa Austria wa ukoo wa Habsburg, na humo ndimo historia yao inapokutana na yetu. Jeneza kubwa kuliko yote ni la Maria Theresa na mumewe. Juu yake sanamu zao zimeinuka nusu, wanatazamana kama walioamshwa pamoja asubuhi. Mama huyu, mzazi wa watoto 16, sura yake iliwahi kushikwa mikononi Unguja, Oman, Yemen na Uhabeshi: ni yule mama wa kwenye riale ya fedha. Alifariki 1780, na sarafu ikaendelea kuchapwa kwa mwaka huo huo, kwa sababu wafanyabiashara wa kwetu waliikataa yenye mwaka mwingine. Walitaka ile waliyoizoea, na Ulaya ikatii.

Sogea chumba cha Kaizari Franz Joseph. Pembeni yake amelala mwanawe Rudolf. Mwaka 1888 bwana mkubwa wa Kihungaria, Sámuel Teleki, na mwenzake Ludwig von Höhnel walifika kwenye ziwa lenye maji ya kijani kaskazini mwa Kenya, wakalipa jina la mwanamfalme huyu, kana kwamba watu waliokuwa wakivua humo hawakuwa na jina lao. Hata mwaka haukuisha, Rudolf akafa. Jina lake likabaki juu ya ziwa hadi 1975, lilipoitwa Turkana. Simama mbele ya jeneza hilo utulie. Binafsi naona dakika hizo zina uzito zaidi kuliko kasri zima.

Kisha nenda mkahawa wowote wa zamani, agiza kahawa moja. Italetwa kwenye sinia dogo la chuma pamoja na glasi ya maji, maji ya chemchemi za milimani yanayoletwa mjini kwa mabomba tangu 1873. Kikombe kimoja kinakupa haki ya kukaa saa tatu. Hakuna atakayekufukuza, kukaa ndiyo desturi yenyewe. Rudi melini umepumzika, uwakute wenzako wamevua viatu.

6. Wachau: usifanye lolote

Kati ya Krems na Melk, kilomita 36 hivi, ndilo bonde la Wachau: mto unapita katikati ya mizabibu, vijiji na magofu ya ngome ya Dürnstein, alikofungwa Richard mfalme wa Uingereza baada ya kukamatwa mwishoni mwa 1192. Watakuhimiza upande hadi juu. Kaa kwenye sitaha, miguu juu ya kiti. Hii ndiyo sehemu pekee ambayo meli inashinda miguu.

7. Mto ukikataa

Maji yakipungua, meli inagusa chini. Yakizidi, haipiti chini ya madaraja. Hapo mtahamishiwa kwenye mabasi, pengine kwenye meli nyingine. Mwezi wenye uhakika haupo. Kabla ya kulipa, omba waandike watafanya nini na watarudisha kiasi gani. Jibu la mdomo usilikubali, hata likitolewa kwa tabasamu. Na ikitokea, kumbuka siku zako tatu zimeshaliwa, ziko tumboni, hakuna wa kuzichukua.

8. Zawadi

Passau utafika asubuhi. Nenda kwenye ncha ya mji inakokutana mito mitatu, Danube, Inn na Ilz, uone maji ya rangi tatu yakikataa kuchanganyika kwa kitambo, kisha kamata treni yako.

Sumaku za friji waachie wengine. Jamu ya aprikoti ya Wachau inatosha kwa majirani. Ifunge kwenye begi kubwa, si la mkononi, maana uwanja wa ndege wanaweza kuichukua. Lakini ukiwa bado Vienna, nunua riale moja. Kiwanda cha sarafu cha mji huo kinaichapa mpaka leo, mama yuleyule, mwaka uleule wa 1780. Usiitie kwenye kisanduku cha zawadi. Ukifika nyumbani, subiri jioni, kaa chini mkekani na bibi yako, umwekee kiganjani. Usimwambie ni nini. Ngoja aipindue, aipapase kwa kidole gumba, aanze yeye.