Jenga Pikapu ya Hot Rod Bila Kuijenga Yote

Ndugu yangu, unataka pikapu ya zamani iliyoshuka chini, yenye V8 inayonguruma mpaka jirani achungulie dirishani, na unataka watu waseme umeijenga mwenyewe. Huna kosa. Vijana wa California waliokimbiza Ford zilizovuliwa madigadi kwenye ziwa kavu la Muroc, miaka ya 1930, walitaka hayohayo: kasi, na mtu wa kuiona.

Wengi hawashindwi kwa kukosa ufundi. Wanafungua gari zima wikiendi ya kwanza, wanajaza vipande kwenye maboksi, kisha bili, watoto na zamu za kazini zinaingia katikati. Mwisho pikapu inauzwa ikiwa kwenye maboksi yaleyale. Kwa hiyo kila njia ya mkato ninayokupa hapa ina kazi moja: gari litoke gerejini kwa injini yake. Macho ya watu yadanganye utakavyo. Breki, stelingi na chesisi usizidanganye hata mara moja.

1. Nunua gari la kawaida

Usitafute kitu adimu. Tafuta Chevrolet 3100 ya kati ya 1947 na mwanzoni mwa 1955, au Ford F-100 ya 1953 hadi 1956. Hizi zilitoka kiwandani kwa wingi, na mpaka leo unaweza kununua madigadi mapya, raba za milango, grili, hata mbao za sakafu ya bodi ya mizigo. Mtu akikuletea pikapu ya 1935 kwa bei ya kutupa, mpongeze kwa bahati yake na uondoke.

Nenda na bisibisi. Bonyeza kona za chini za kebini, sakafu iliyo chini ya pedali, na ukingo wa chini wa milango. Bisibisi ikizama, bei nayo ishuke. Ukipata 3100 yenye vioo vidogo vya kona nyuma ya kebini, usibishane sana na muuzaji. Watu watasimama hapo kwanza, na kazi hiyo kiwanda kilishakufanyia.

2. Badilisha chesisi nzima

Hapa ndipo utakapookoa miaka yako. Chesisi ya asili ya 3100 ina eksili ya mbele ya chuma kimoja kilichonyooka, breki za dramu magurudumu yote, na silinda kuu yenye njia moja tu ya mafuta ya breki: mrija mmoja ukipasuka, pedali inagonga sakafu na huna kitu. Kwa nyingi, shafti imefungwa ndani ya bomba, na difu ya 4.11 inaifanya injini ilie kwa uchungu ukiingia barabara kuu. Ukianza kurekebisha kimoja baada ya kingine, utastaafu hujawasha gari.

Fanya hivi. Nyanyua kebini, isogeze kando, uiketishe juu ya chesisi ya Chevrolet S-10, pikapu ndogo iliyouzwa Marekani kuanzia modeli ya 1982 hadi 2004. Chagua ile ya kebini fupi na bodi ndefu. Kutoka eksili ya mbele hadi ya nyuma ina inchi 117.9, na 3100 ina 116. Tofauti hiyo ya karibu inchi mbili inamalizwa kwa kusogeza mahali pa kukalia kebini. Ile ya bodi fupi ina 108.3, na itakulazimisha kukata chesisi na kuirefusha. Iache, hata kama anakupa bure.

Kwa mpigo mmoja unapata diski za mbele, pawa stelingi, silinda kuu ya njia mbili na eksili ya nyuma ambayo vipuri vyake vipo kila duka. Kazi yako inabaki kuwa mabano ya kukalia kebini, madigadi na bodi. Yakate kwanza kwa kadibodi. Kadibodi ukikosea unatupa. Chuma ukikosea unanunua.

Sasa tuelewane kuhusu kuchomelea. Mashine ndogo inayochomekwa kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani inafaa bati la bodi, lenye unene wa milimita moja hivi. Chesisi ni nene zaidi ya mara mbili, na weldi ya mashine dhaifu hukaa juu juu, inang'aa vizuri, kisha inabanduka siku ya shimo la kwanza. Pima mwenyewe, kata mwenyewe, shika kwa nukta za weldi mwenyewe, halafu mlipe fundi mwenye cheti aje amalizie mishono. Ukiulizwa nani kajenga, jibu ni wewe. Kupima ndiyo kazi ngumu, na hakuna aliyekusaidia.

Karatasi nazo. Kibati cha namba ya utambulisho usikihamishe, usikikwangue, usikigonge namba mpya. Sheria ya shirikisho ya Marekani inahesabu hilo kuwa jinai. Tunza hati za magari yote mawili pamoja na risiti zote, na waulize wakaguzi wa jimbo lako kabla hujakata chochote. Majimbo hayafanani.

3. Injini: nunua ajali ya mtu mwingine

Injini ya asili ya 3100, hadi 1953, ni ya silinda sita mstarini, inchi za ujazo 216, sawa na lita 3.5, yenye nguvu za farasi karibu 90. Konrodi zake hupata oili kwa kuchota na kurushiwa, si kwa presha kamili. Ilitosha kabisa kubeba majani ya ng'ombe kwenda sokoni. Ipe heshima yake, iuze kwa mtu anayerudisha gari kwenye uasili, uweke hela mfukoni.

Wenye majivuno wanagombea injini ya Corvette. Wewe pita nyuma yao uende kwenye yadi za magari chakavu, ukaulize pikapu ya Silverado au Sierra ya kuanzia 1999, V8 ya lita 4.8 au 5.3. Ni ukoo mmoja na ile ya Corvette. Nyingi zina bloku ya chuma badala ya alumini, kwa hiyo ni nzito kidogo, na boneti ikifungwa hakuna atakayejua. Ukiweza, nunua gari zima lililogongwa nyuma. Chukua injini, giaboksi, nyaya, kompyuta na pedali ya mafuta kwa pamoja. Anayenunua injini tupu leo atatafuta soketi za nyaya mwaka mzima.

Mlio ni nusu ya sifa zako, kwa hiyo uelewe. V8 ya aina hii haigawi milipuko kwa zamu sawa kushoto na kulia. Katika kila mzunguko, kuna mahali silinda mbili za upande mmoja zinalipuka zikifuatana, na hapo ndipo mngurumo unapokatikakatika vile unavyoupenda. Ukitaka usikike wazi, acha eksozi mbili ziende kila moja peke yake hadi nyuma. Ukiweka bomba la kuziunganisha lenye umbo la H au X, sauti inalainika. Jirani yako ana mtoto mchanga? Weka la H.

4. Ishushe

Mkao wa gari unauza kabla ya rangi. Pua iiname kidogo, matairi ya nyuma yawe makubwa kuliko ya mbele. Kwa S-10 kuna spindo za kushusha inchi mbili zinazofungwa kwa boliti. Zinashusha gari bila kugusa springi. Njia ya mkato ninayokukataza ni ya kukata springi kwa moto wa gesi. Moto unaua ugumu wa chuma, na springi iliyokufa inakatika ukiwa kwenye kona.

5. Rangi: usipige

Nimelipenda hili kuliko yote. Bodi ya rangi inayong'aa inadai uso ulionyooka kama kioo, na kuufikia huo ni miezi ya puti na msasa. Nyeusi inayong'aa ndiyo katili kuliko zote, kwani kila kibonyeo kinaonekana toka ng'ambo ya barabara. Basi usiende huko. Una njia mbili.

Ya kwanza ni nyeusi isiyong'aa. Mwanga hauakisiki juu yake kama kwenye kioo, kwa hiyo mawimbi ya bati yanapotea. Miaka ya 1950 vijana wengi waliendesha magari yao yakiwa na praima tu kwa sababu hela iliishia kwenye injini, na leo umasikini ule ni mtindo. Hata hivyo puti isizidi milimita sita. Ikizidi, itapasuka ndani ya misimu michache. Gonga bati lirudi mahali pake kwanza, puti ije kufunga mikwaruzo tu. Mafundi wa zamani walijaza mabonde kwa risasi iliyoyeyushwa, na afya zao zililipa gharama. Tumia puti, vaa barakoa.

Ya pili ni kuacha rangi ya jua na kutu kama ilivyo. Osha gari kwa sabuni, sugua taratibu kwa pedi ile nyekundu ya mafundi rangi ili vumbi la kutu litoke, kisha pakaza mafuta ya mbegu za kitani yaliyochemshwa, ukiyachanganya na kiyeyushi cha rangi. Rangi iliyokufa inaamka mbele ya macho yako: kijani kinatokea chini ya ukungu, na kutu inageuka kahawia ya asali. Nimesisimka kila nilipoiona. Ila matambara uliyotumia usiyakunje na kuyatupa pembeni. Mafuta haya yanapokauka yanatoa joto, na lundo la matambara hushika moto lenyewe. Yatandaze nje moja moja, au yazamishe kwenye ndoo ya maji.

Mlango ukiwa hauna kitu, andika juu yake jina la duka la mbegu lisilowahi kuwepo, kwa herufi za zamani, halafu lisugue mpaka lichakae. Wazee watakuja kukuambia wanalikumbuka duka hilo. Waache wakumbuke. Siku ya kuuza gari tu, mwambie mnunuzi ukweli.

6. Ndani

Kiti kimechanika? Tandika blanketi la Mexico lenye mistari. Ni desturi halali ya hot rod, na fundi wa viti hapati senti yako. Nyaya nunua seti mpya iliyokwisha kuandikwa kila waya unakokwenda. Zile za volti 6 zilizofunikwa kitambaa zing'oe zote. Kisha angalia nyuma ya kiti. Mengi ya magari haya yana tangi la petroli ndani ya kebini, mgongoni mwako. Lihamishie chini ya bodi ya mizigo. Fungia mikanda ya usalama kwenye chuma kilichoimarishwa, kamwe si kwenye bati la sakafu.

7. Breki, kisha barabara

Ukiiweka silinda kuu chini ya sakafu, itakuwa chini kuliko breki zenyewe au sawa nazo, na mafuta yatarudi nyuma. Weka vali za kubakiza presha: psi 2 kwa diski, psi 10 kwa dramu. Keti, kanyaga pedali kwa nguvu zako zote, hesabu hadi sitini. Ikishuka hata kidogo, hutoki leo.

Isiposhuka, zunguka mtaa polepole. Baada ya maili 50 kaza tena nati za magurudumu na ulale chini ya gari na tochi kutafuta mafuta yanayovuja. Jumamosi asubuhi nenda kwenye maonyesho, ufike mapema uchague nafasi. Boneti iwe imefungwa, taa za mbele zielekee watu, na ule upande wenye puti nyingi uelekee ukutani.