Mhadhara Mkuu wa Kamshafti, kwa Faida ya Walionizidi Yote Isipokuwa Akili

Mabibi na mabwana, mafundi wenye vyeti, mafundi wasio na vyeti, na wewe uliyeingia humu kukwepa mvua: kaeni. Mbele yenu amesimama Profesa, Daktari, Mhandisi Mkuu wa Injini za Hedi Bapa. Vyeo hivyo nimejitunuku mwenyewe, maana sikumwona mwingine aliyestahili kunitunuku.

Henry Ford aliitengeneza Model A kuanzia 1927 hadi 1931: silinda 4, nguvu za farasi 40. Mwaka 1932 akaleta V8 yake ya farasi 65, bloku yote imesubuliwa kwa kipande kimoja. Hakuniomba ushauri. Nilikuwa sijazaliwa, lakini huo si udhuru.

Katika injini hizi valvu hazikai kwenye hedi. Zimo ndani ya bloku, ubavuni mwa silinda, zimeelekea juu. Kamshafti iko chini yake, inazisukuma kwa tapeti tu. Hedi yenyewe ni mfuniko. Krenki huzunguka mara mbili ili kamshafti izunguke mara moja, kama katibu anavyokimbia huku na huku ili bosi asogeze kiti. Kazi ya taimingi ni kuhakikisha wawili hao hawapishani.

Fundi wa kawaida hutazama alama. Nukta ya gia ya krenki ikikutana na alama ya gia ya kamshafti, yeye huyo, chai! Mimi hufumba macho kwa uchungu. Alama inakwambia meno yamekutana pale kiwanda kilipotaka. Haikwambii kama kabari ya gia imelika, wala kama kamshafti ilisagwa upya na mtu aliyekuwa akiwahi basi.

Msinitajie ile pini ya Model A. Naijua. Unaifungua kwenye kava la gia mbele ya injini, unaigeuza, unaibonyeza huku mwenzako akizungusha krenki polepole, nayo inatumbukia kwenye kishimo cha gia ya kamshafti. Hapo piston namba 1 iko kileleni, tayari kwa moto. Pini hiyo iliwekwa kwa ajili ya kutega moto wa plagi. Kuitumia kuihukumu kamshafti ni kumuuliza mshtakiwa kama ana hatia.

Sasa andikeni. Kwanza rekebisha nafasi za tapeti. Tapeti za kiwandani za Model A hazina skrubu ya kurekebishia. Nafasi ikiwa ndogo, husagwa mguu wa valvu. Ukisaga kupita kiasi, hakuna sala ya kuurefusha.

Pili, funga sahani ya nyuzi 360 kwenye pua ya krenki, na waya uwe mshale. Fungua hedi, kaza juu ya silinda namba 1 kipande cha chuma chenye bolti inayochungulia ndani. Zungusha mpaka piston iguse bolti, soma. Zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, soma. Ukipata 22 huku na 26 kule, sogeza mshale nyuzi 2, zisomeke 24 na 24. Sifuri ndiyo kilele. Usikitafute kwa macho: piston ikifika juu hutulia kidogo huku krenki ikiendelea.

Tatu, ondoa bolti, weka dayali geji juu ya tapeti, zungusha upande ule injini inaozungukia. Tapeti ikipanda inchi 0.050, soma nyuzi, ulinganishe na karatasi ya aliyeichonga kamshafti. Ukipitiliza, rudi nyuma sana, kisha uje mbele upya, kwa sababu meno ya gia yana ulegevu.

Naona mkono. "Profesa, si umesema tuzungushe pande zote mbili?" Kijana, pale tulikuwa tukipima krenki peke yake, gia haikuhusika. Swali zuri. Lisirudiwe.

Nne, hukumu. Gia ya krenki ikiwa na meno 24, kukosea jino moja ni nyuzi 15. Injini itawaka kwa taabu na kupiga chafya kwenye kabureta. Zikiwa nyuzi chache, tafuta kabari iliyochongwa kwa mshazari. Ukiitanguliza kamshafti, nguvu huja mapema, injini ikienda polepole. Ukiichelewesha, huhamia kwenye kasi kubwa.

Na kama mmekosea yote, msilie. Valvu za ubavuni haziko kwenye njia ya piston, basi hazigongani. Ford aliwahurumia ninyi. Mimi sina huruma hiyo.

Kabla ya kufunga kava, zungusha krenki kwa mkono raundi mbili kamili, upime tena. Asiyeweza kuhesabu hadi mbili aje kwangu. Ada hulipwa mlangoni, na hairudishwi.