Utukufu wa Amplifaya ya Besi
Amplifaya ya besi ndiyo iliyokuwa mwanabendi mwaminifu kuliko wote katika muziki wa dansi wa Dar es Salaam. Mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo alitoka bendi ya chama cha wafanyakazi, NUTA, akaenda bendi ya Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978. Mwaka 1985 yeye, Abel Balthazar na wenzao wakachukuliwa na mfanyabiashara Hugo Kisima kuunda International Orchestra Safari Sound. Baadaye Gurumo akarudi kwenye bendi ya chama cha wafanyakazi alikotoka. Katika hamahama yote hiyo amplifaya haikutikisika. Haikudai nyongeza, haikunong'onezwa dau usiku, haikuugua siku ya kuhama. Uaminifu wake ulikuwa na nguzo mbili: transfoma ya chuma ndani ya sanduku la mbao, ambalo halibebeki kwa siri, na jina la mwajiri kwenye risiti.

Fadhila nyingine ni ndogondogo. Valvu zake zilitoa joto kwa ukarimu, hata Kariakoo mwezi Februari. Haikubagua: waya wa ethi ukikosekana, mwimbaji alipigwa shoti ya midomo kwenye maikrofoni sawa na mpiga gitaa aliyepigwa ya vidole. Ile ya Marekani, ya volti 120, ikichomekwa kwenye 230 ilikufa papo hapo bila kumchosha fundi kwa maelezo.

Na spika yake! Uzi mnene wa gitaa la besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na karatasi ya spika iliyochanika haiwezi sauti hiyo, hukoroma tu. Fundi hupaka gundi, inakoroma. Anabana skrubu, inakoroma. Ukumbi wa DDC Kariakoo umejaa, watu wamelipa kiingilio, na kinachosikika ni mkoromo!

Ila spika haikujiagiza yenyewe. NUTA iliunda bendi 1964 na kuwalipa wanamuziki mshahara. Mlimani Park ilikuwa ya kampuni ya teksi na usafiri ya TTTS, kisha Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam (DDC) likaichukua 1983. Vyombo vilikuwa mali ya taasisi, na spika mpya ilisubiri fedha za kigeni zilizokuwa zikigawiwa kwa kibali. Aliyeipiga besi hadi ikatambulika mjini alipoacha kazi aliondoka na vidole vyake. Ndiyo maana mwenye kutaka bendi alitangulia kutafuta vyombo. Wapigaji walipatikana hapa hapa mjini, bila leseni ya kuagiza wala ushuru wa forodha.