Jinsi ya Kwenda Sokcho Bila Kuachwa Nyuma na Bibi wa Miaka Sabini

Mtu wa Afrika Mashariki akiambiwa kwamba Daecheongbong, kilele kirefu kuliko vyote vya Seoraksan, kina mita 1,708, hutabasamu. Kibo ina mita 5,895. Hata Njombe mjini, penye soko na stendi na watu wanaouza viazi, ni juu zaidi ya hapo. Tabasamu hilo liache Seoul kabla hujapanda basi. Seoraksan inaanzia karibu na usawa wa bahari na haina haraka ya kukupa sehemu tambarare. Inakupa ngazi, halafu ngazi, halafu jiwe lililochongwa likawa ngazi.

Treni ya kwenda Sokcho, mji ulio chini ya Seoraksan, bado haipo. Kuna mabasi, yanayotoka stendi kuu iliyo eneo la Gangnam na ile ya mashariki karibu na kituo cha Gangbyeon, na safari huchukua kama saa mbili na nusu. Tangu barabara kuu ya Seoul hadi Yangyang ikamilike mwaka 2017, basi hupita chini ya uti wa mgongo wa milima ya Korea kwa handaki la karibu kilomita 11. Usilale humo. Unaingia ukiwa umeacha mabonde nyuma yako, unatoka ukiwa jirani na Bahari ya Mashariki, na mabadiliko hayo ya ghafla ndiyo sababu safari hii inatosha ndani ya siku mbili. Simu iwe na Naver Map au KakaoMap, na kadi yako ya basi la Seoul ije nayo. Mabasi ya mjini Sokcho yanaipokea.

Sasa tuje kwenye mavazi. Utafika kwenye lango la Seoraksan Jumamosi asubuhi ukiwa na raba na fulana ya timu yako, na utawakuta wazee wa Korea wamevaa kana kwamba wanakwenda Everest: jaketi la zambarau, glavu, kofia yenye ukingo mpana, fimbo mbili za kupandia, na begi mgongoni lenye chakula cha familia nzima. Usiwacheke. Kila kitu walichovaa kina kazi yake, na mchana utakapopigwa na upepo wa kileleni ukiwa umelowa jasho, utaelewa kazi ya kila kimoja. Utaelewa zaidi pale bibi wa miaka sabini atakapokupita kwenye ngazi akiwa anapiga soga. Mpishe. Msalimie kwa kuinamisha kichwa. Usijaribu kumfukuzia, kwa sababu amepanda milima ya nchi hii kila wikendi tangu ulipokuwa darasa la pili, na mapafu yako hayajapata taarifa hiyo.

Jambo la pekee utakaloruhusiwa kumshinda ni kupokea. Mbele kidogo utamkuta ameketi juu ya mwamba, na atakuita. Atakupa kipande cha tango, chenza, au wali uliofungwa kwenye mwani. Pokea kwa mikono miwili, kama ulivyofunzwa nyumbani, sema kamsahamnida (asante), kaa kidogo, kula mbele yake. Nawe uwe na kitu begini cha kutoa, hata karanga. Nimeona wageni wakikataa kwa kuogopa kusumbua, wakaondoka wakiwa wamekosa sehemu iliyo bora kuliko kilele chenyewe. Mazungumzo yatakuwa ya ishara na maneno matano, naye atakuuliza umri wako mapema sana. Mjibu. Anataka kujua akuweke wapi katika ngazi ya heshima.

Ukitaka Daecheongbong kupitia Osaek, anza gizani na taa ya kichwani, maana njia hufungwa kwa wanaochelewa kuingia. Kwa mgeni wa wikendi, mimi nashauri Ulsanbawi, mita 873. Unapita hekalu la Sinheungsa na sanamu kubwa ya shaba ya Buddha, unafika kwenye Heundeulbawi, jiwe kubwa linalotikisika ukilisukuma lakini halianguki (lisukume, kila mtu analisukuma), kisha zinaanza ngazi za mwisho ambazo hazina huruma. Juu kuna vichwa sita vya graniti, na bahari kule chini.

Na hapo juu, kabla ya kupiga picha, kumbuka hadithi ya mwamba huo. Wanasema zamani miamba mizuri ya Korea yote iliitwa kwenda kaskazini kuunda vilele elfu kumi na mbili vya mlima Geumgang. Mwamba huu ulitoka Ulsan, kusini kabisa, lakini kwa uzito wake ukachelewa. Ulipofika Seorak ukasikia nafasi zimekwisha, ukabaki hapa hapa.

Geumgang yenyewe sasa iko Korea Kaskazini. Watalii wa Kusini walianza kuruhusiwa kwenda mwaka 1998, na Julai 2008 safari hizo zikasimamishwa baada ya mtalii mmoja mwanamke kupigwa risasi na askari wa Kaskazini. Ukijua hilo, Kijiji cha Abai huko Sokcho, kilichojengwa na wakimbizi kutoka Kaskazini, hutakipita kama mtu anayetafuta picha tu.

Basi, jioni nenda Abai, hata kama magoti yanagoma. Sokcho iko kaskazini ya latitudo ya nyuzi 38, hivyo kuanzia 1945 hadi Vita vya Korea mji huu ulikuwa chini ya Kaskazini. Vita vilipohama huku na huku, watu wa mkoa wa Hamgyong walikimbilia kusini, wakajenga vibanda kwenye ulimi wa mchanga hapa, karibu kadiri walivyoweza na njia ya kurudi kwao. Walidhani ni suala la miezi. Mwaka 1953 mapigano yakasimama, mpaka ukafungwa, nao wakazeeka hapo wakiwa na ndugu upande wa pili wasioweza kuwaandikia hata barua. Wasomaji wetu waliokulia kando ya kambi za wakimbizi, Kigoma au Kakuma, hawahitaji kuelezwa kinachotokea makazi ya muda yanapopata wajukuu.

Utavuka kwenda huko kwa gaetbae, kivuko bapa kisicho na injini kinachovutwa kwa mkono kwenye waya wa chuma. Abiria wanaruhusiwa kusaidia kuvuta. Shika kulabu, vuta. Tamthilia ya Autumn in My Heart ya mwaka 2000 ilirekodiwa hapa, kwa hiyo utakuta wanaopiga picha na mabango yake. Wape nafasi, halafu ingia vichochoroni wasikofika.

Chakula cha Abai ni kile walichokuja nacho wakimbizi kichwani. Abai sundae ni utumbo wa nguruwe uliojazwa wali, mboga na damu. Kama wewe ni Mwislamu, au huli nguruwe kwa sababu yoyote, fahamu kwamba ngisi wa kujazwa huja mara nyingi kwenye sahani hiyo hiyo, na mjazo wake unaweza kuwa na nyama ile ile. Uliza kabla ya kuagiza. Samaki wa kuchoma wa Sokcho hawana utata huo, na mtu wa Tanga au Lamu atajisikia nyumbani mpaka kwenye mifupa midogo.

Jumapili amka kabla ya jua, nenda Naksansa, upande wa kusini. Hekalu hili la juu ya genge la bahari lilianzishwa na mtawa Uisang mwaka 671, na Aprili 2005 moto wa msituni ulilichoma mpaka kengele yake ya shaba ikayeyuka. Limejengwa upya. Pepo kavu za machipuko zinazoshuka kutoka milimani ndizo zinazoleta hatari hiyo, na ndiyo maana njia nyingi za Seoraksan hufungwa machipuko na tena mwishoni mwa vuli. Ukikuta kamba na tangazo, geuka. Usiruke kwa kuwa umetoka mbali. Na ukiona pwani seng'enge na kibanda cha askari, ujue bado kinatumika. Weka simu mfukoni.

Kabla ya kuondoka, pita sokoni ununue dakgangjeong, kuku wa kukaanga aliyepakwa mchuzi mtamu wenye pilipili, anayeliwa hata akiwa amepoa. Tiketi ya kurudi uikate siku unayokata ya kwenda, hasa Oktoba majani yanapogeuka mekundu na Seoul nzima kuhamia huku. Jumapili jioni barabara hujaa, saa mbili na nusu zinaweza kuwa nne, kwa hiyo nenda msalani kabla basi halijaondoka, hata kama hujisikii.